Sindano za mviringo za mianzi: tathmini ya mama anayefuma huku akilea

Sindano ninazozitathmini hapa ni za kufumia, za aina ya mviringo: vijiti viwili vifupi vya mwanzi vilivyounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Unene wake ni milimita 4, na urefu wote kutoka ncha moja hadi nyingine ni sentimita 80. Nilizinunua kwa muuzaji wa vifaa vya ushonaji hapa Njombe mjini kwa shilingi 12,000, wakati jozi ya sindano ndefu za alumini zenye unene uleule ilikuwa shilingi 4,000. Pakiti yake haina jina la kiwanda linaloweza kumsaidia mnunuzi. Imeandikwa vipimo tu. Nimezitumia kufumia kofia, soksi, sweta na blanketi, nikiwa na watoto wawili nyumbani, mmoja wa miaka minne na mwingine aliyetimiza mwaka, na ninaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaopenda kufuma lakini wameziweka nyuzi zao kabatini tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

Wengi wetu tuliacha kwa sababu ileile. Tulizoea kukaa na kazi mapajani kwa saa nzima au mbili, na mtoto alipozaliwa saa hiyo ikatoweka, nasi tukaamua kuisubiri irudi. Nyumba yenye mtoto mdogo haikosi kabisa muda wa kufuma, lakini muda wake umekatwakatwa, dakika nne hapa na dakika kumi pale, na hakuna kipande kinachotoa taarifa kabla ya kwisha. Mtoto anaamka, sufuria inafurika, hodi inapigwa mlangoni. Ndiyo maana nimezipima sindano hizi kwa swali ambalo mfumaji asiye na watoto hana haja ya kujiuliza: je, kazi inaweza kuachwa hapohapo ilipofika, hata katikati ya mstari, na kushikwa tena baadaye bila kupotea kitanzi hata kimoja? Mengine yote, yaani uzuri wa sindano, wepesi wake na hata bei yake, nimeyaweka chini ya swali hilo.

Hesabu ya kofia moja inaonyesha kwa nini swali hilo ni zito. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja huwa na mzunguko wa sentimita 45 au 46 hivi, na kofia inayokaa vizuri hufumwa ikiwa ndogo kidogo kuliko kichwa, tuseme sentimita 40, ili ivutike na kushika. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, sentimita 10 huchukua vitanzi 22, kwa hiyo kofia nzima inaanza na vitanzi 88. Ukifuma mizunguko 30 kabla ya kuanza kupunguza, kisha ukapunguza vitanzi vinane kila baada ya mzunguko mmoja hadi vibaki vinane vya kufungia utosini, utakuwa umefuma vitanzi karibu 3,600. Kwa mwendo wa vitanzi 20 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida kwa mtu asiye na haraka, hiyo ni kazi ya saa tatu. Saa tatu mfululizo sizipati. Lakini mzunguko mmoja wa vitanzi 88 unachukua dakika nne na sekunde kadhaa, na dakika nne za namna hiyo ninazipata mara nyingi kwa siku, mradi tu sindano ziniruhusu kuzitumia.

Sindano ndefu haziruhusu. Zile zinazopatikana zaidi madukani zina urefu wa sentimita 35 hivi, zenye kichwa upande mmoja na ncha wazi upande wa pili. Ukiitwa katikati ya mstari, nusu ya vitanzi iko kwenye sindano ya kushoto na nusu kwenye ya kulia, na pande zote mbili zimeelekeana na ncha zilizo wazi. Ukiiweka kazi juu ya kochi, sindano moja inateleza polepole kwa uzito wake, na ukirudi unakuta vitanzi sita au saba vimebaki hewani, vingine vimeshashuka mistari mitatu. Mfumaji mwenye uzoefu huvirudisha, lakini zile dakika tano zimeishia kwenye ukarabati. Matokeo yake ni kwamba mtu anajizuia kuanza mstari ambao hana uhakika wa kuumaliza, na kwa mzazi wa mtoto mdogo hakuna mstari wenye uhakika huo. Isitoshe, sindano hizo zinahitaji nafasi. Mikia yake inatokeza pembeni kwa kila kitanzi. Ukiwa umembeba mtoto mgongoni kwa kanga na mguu wake umechomoza ubavuni, kichwa cha sindano kinamgonga pajani, na ukiwa kwenye gari la abiria, jirani yako anapata adha asiyostahili.

Za mviringo zinafanya kazi kwa namna nyingine. Vijiti vina urefu wa sentimita 13 tu kila kimoja, na vitanzi visivyofumwa kwa wakati huo vinapumzika kwenye waya. Unapoitwa, unavuta vijiti vyote viwili mbele kidogo, vitanzi vyote vinasogea hadi katikati ya waya, na ncha zinabaki zikining'inia bila mzigo. Kitendo hicho kinachukua sekunde mbili, na kwa mazoezi hufanywa kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa tayari umemshika mtoto. Nimeiacha kazi yangu hivyo nusu ya mstari, robo ya mstari, hata katikati ya kundi la vitanzi viwili vya mbele (vinavyoonekana laini upande unaokutazama) na viwili vya nyuma (vyenye nundu upande huo), na nimeikuta ilivyokuwa. Unaporudi, jambo la kukumbuka ni moja: uzi unaotoka kwenye donge lazima utokee kwenye kijiti cha mkono wa kulia. Ukiuona umetokea upande wa kushoto, umeishika kazi kinyume. Igeuze kabla hujafuma kitu. Kwa jambo hilo sihitaji kukumbuka nilikuwa wapi wala nilikuwa nikifanya nini, kwa sababu kazi yenyewe inaniambia.

Kuna wanaodhani sindano za mviringo ni za kofia na soksi pekee. Zinafuma pia vitu bapa, blanketi au mgongo wa sweta, kwa kugeuza kazi mwishoni mwa kila mstari kama ilivyo kwa sindano ndefu, na uzito wa blanketi unabaki mapajani badala ya kuvuta viganja. Hata hivyo faida kubwa zaidi kwa mzazi iko kwenye kufuma kwa mzunguko. Ukifuma kofia bapa, utalazimika kupishanisha mstari wa mbele na mstari wa nyuma, na mwishowe uketi na sindano ya kushonea kuunganisha kingo. Ukifuma kwa mzunguko, upande wa mbele unakuelekea wewe muda wote, unafuma kitanzi cha mbele mwanzo hadi mwisho, na baada ya siku chache vidole vinaizoea kazi hata macho yakawa huru kumwangalia mtoto. Mshono wa kuunganisha haupo. Mshono huo ndio unaozuia sweta nyingi za watoto zisivaliwe: vipande vinne vimekamilika, vimo ndani ya mfuko wa plastiki, vinasubiri jioni tulivu ya kuviunganisha, na mtoto anazidi kukua. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, akalea watoto watatu na kufariki mwaka 1999, alifundisha kwa miaka mingi kwamba sweta nzima inaweza kufumwa kwa mzunguko kwa sindano za aina hii. Ninaamini alikuwa na haki, na kwa mama mwenye watoto wadogo naona hoja yake ina nguvu maradufu.

Urefu wa sentimita 80 unaonekana mkubwa mno kwa kofia ya sentimita 40, na muuzaji mmoja alinishauri ninunue fupi. Lakini urefu huo unaruhusu mtindo wa kuvuta kitanzi kikubwa cha waya katikati ya kazi: vitanzi vinagawanywa nusu kwa nusu, nusu ya mbele inafumwa huku nusu ya nyuma ikisubiri kwenye waya, na waya uliozidi unatokeza pembeni. Kwa mtindo huo sindano moja inafuma soksi ya mtoto mchanga, mkono wa sweta, kofia na blanketi. Unachukua nusu saa kuuelewa, ikiwezekana mtoto akiwa amelala. Baada ya hapo una kifaa kimoja cha kufanya kila kitu, jambo linalomfaa mtu ambaye hana nafasi ya kutafuta sindano nyingine ndani ya kikapu huku mtoto akilia.

Nieleze mahali ambapo vipande vyangu vya muda hupatikana, kwa kuwa sindano imenifaa sehemu hizo kwa viwango tofauti. Kliniki ya watoto ndiyo ya kwanza. Mtoto anapimwa uzito kila mwezi, na ziko chanjo za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, za miezi 9 na za miezi 18. Foleni ni ndefu, na mtoto akisinzia mgongoni mikono yote miwili inakuwa huru. Pale kwenye benchi, ambapo wamama tumebanana bega kwa bega, sindano fupi zisizotokeza ndizo pekee zinazoweza kutumika bila kumsumbua mtu. Kipande cha pili ni maharage yakiwa jikoni, muda ambao mtu hawezi kuondoka wala hana la kufanya isipokuwa kuongeza maji. Kipande cha tatu ni kusubiri gari la shule asubuhi. Usiku baada ya watoto kulala, wakati ambao kila mtu huutaja kwanza, kwangu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ndio wakati wa kunyoosha sare, kuosha vyombo na kuzungumza na baba watoto, na mwili umeshachoka. Wakati wa kunyonyesha sifumi wala simshauri mtu afume: ncha ya sindano haina kazi yoyote karibu na uso wa mtoto.

Mwanzi wenyewe nimeupenda. Hapa Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na alumini ya alfajiri inaganda vidoleni. Mwanzi unachukua joto la mkono mara moja. Alumini pia ina mlio, kichiki-kichiki kisichokoma, ambao mtoto mwenye usingizi mwepesi anausikia, wakati mwanzi hauna sauti. Kubwa zaidi ni kwamba mwanzi unashika uzi kidogo. Mfumaji wa mashindano asingeupenda kwa sababu hiyo, maana unapunguza kasi, lakini kwa mtu anayeachia kazi ghafla, kitanzi kisichoteleza ni msaada mkubwa. Sindano za plastiki nilizowahi kuzitumia hushika uzi vilevile, ila hupinda zikibeba kazi nzito.

Sasa upungufu. Waya ulitoka kwenye pakiti ukiwa umejiviringa, na haukutaka kunyooka. Ulikuwa unazipindua kazi na kunichosha. Dawa yake ni kuuchovya waya, bila vijiti, ndani ya maji ya moto kwa dakika moja au mbili, kisha kuunyoosha kwa mikono hadi upoe. Ulinyooka, na umebaki hivyo. Kiungio, yaani pale mwanzi unapokutana na waya, ndiyo sehemu ya kuchunguzwa kwa makini kabla ya kulipa. Kwenye sindano zangu kiungio kimoja kilikuwa laini na cha pili kilikuwa na kijikingo kidogo kisichoonekana kwa macho lakini kinachonasa uzi, hivyo kila baada ya vitanzi kumi hivi ilibidi nivisukume kwa ukucha. Nilikilainisha kwa msasa wa karatasi ulio laini kabisa, nikapaka nta kidogo na kuifuta, na kunasa kukapungua sana ingawa hakukwisha. Mtu akienda dukani na kipande cha uzi mwembamba, akauvuta juu ya kiungio mbele na nyuma, atajua ubora wa sindano kabla ya kutoa fedha. Katika miezi ya karibuni kiungio hichohicho kimeanza kulegea na kuzunguka, na ninadhani siku moja kitaachia. Kwa bidhaa ya shilingi 12,000 hilo ni kosa la utengenezaji, na ninalihesabu hivyo.

Upungufu mwingine unatokana na aina ya sindano yenyewe, si utengenezaji wake. Sindano ndefu ina kichwa upande mmoja. Ya mviringo haina kizuizi popote. Mtoto wa mwaka mmoja akiikamata ncha moja na kuvuta, vitanzi vyote 88 vinatoka kwa pamoja, na hilo hutokea ndani ya muda wa mama kugeuka kuchukua kikombe. Nina kinga mbili. Ya kwanza ni mpira wa nywele wa binti yangu: kila ninapoiweka kazi chini ninaziunganisha ncha mbili na kuzizungushia mpira mara tatu, na tangu hapo mvutaji hapati njia. Ya pili ni uzi wa akiba. Kila baada ya mizunguko kumi hivi ninapitisha uzi wa cherehani wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya mkono na kuuacha humo; hata kazi yote ikichomoka, haiwezi kufumuka kupita uzi huo, na ninarudisha vitanzi kwenye sindano kwa kuufuata. Kupitisha uzi huo kunachukua dakika tatu. Mama mwenye mtoto anayetambaa asione dakika hizo ni za kupotea.

Mtoto anayeota meno pia atauma mwanzi. Ncha iliyoumwa huacha vibanzi vidogo, na kibanzi kinaweza kumchoma mtoto na kuchana uzi. Ikiwa imeharibika kidogo, msasa utairekebisha. Ikiwa imepasuka, itupwe. Waya wa sentimita 80 na uzi wa donge vinaweza kuzunguka shingo ya mtoto, kwa hiyo kazi yangu hukaa kwenye mfuko wenye zipu uliotundikwa kwenye msumari juu ya kimo cha yule wa miaka minne akiwa juu ya kiti, na nimepima kimo hicho nikiwa naye. Mkasi nimeuondoa kabisa na kuweka kikatia kucha, ambacho kinakata uzi vizuri na hakina ncha. Vile vipete vya plastiki vya kuwekea alama mwanzo wa mzunguko sivitumii. Ninafunga kitanzi cha uzi wa rangi nyingine, kinafanya kazi ileile na hakimkabi mtu. Kipimo kinachotumika kimataifa kuchunguza vitu vinavyoweza kumkaba mtoto chini ya miaka mitatu ni silinda yenye upana wa milimita 31.7, chochote kinachoingia chote ndani yake ni hatari, na vipete hivyo pamoja na vifungo vingi vya sweta vinaingia bila shida.

Hakuna sindano itakayofaa ikiwa uzi haufai, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona wazazi wakinunua uzi kwa kuutazama rangi. Kwa matumizi ya kila siku ninafumia uzi wa akriliki, gramu 100 kwa donge, ambao kofia ya mtoto inatumia chini ya nusu yake. Unafuliwa kila siku bila kuharibika na unakauka haraka, jambo la maana sana kwenye mji wenye manyunyu ya asubuhi. Sufu halisi ina joto zaidi, lakini ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inajikunja na kuwa ngumu, na sweta la mtoto wa miaka minne linageuka la mdoli. Akriliki ina hatari yake, nayo ni moto: haiungui kama pamba, inayeyuka na kushika ngozi. Katika nyumba zetu ambapo mtoto huota moto karibu na jiko la mkaa, hilo lisichukuliwe kwa wepesi, na kwa sweta la kuvaliwa jikoni ningechagua sufu, ambayo haishiki moto kirahisi. Wasomaji wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hawana haja ya hivi viwili. Pamba ndiyo yao, ingawa ni nzito na haivutiki, hivyo ukingo wa kofia ufumwe kwa kubana zaidi. Kuhusu rangi, ushauri wangu ni wa kiutendaji: chagua rangi nyepesi. Umeme unapokatika na umebaki na taa ya simu, vitanzi vya bluu iliyoiva havionekani, na kipande cha muda ulichokipata kinapotea kwa kukodoa macho.

Kwa kazi ya kuanzia ningemshauri mtu blanketi dogo la kufumwa mbele mistari yote, bila kitanzi cha nyuma hata kimoja. Kila tuta linaloonekana juu ya kitambaa ni mistari miwili, kwa hiyo hesabu inasomwa kwenye kazi yenyewe na hakuna daftari la kutunza. Mtindo wenye maua na misokoto usubiri. Unadai kumbukumbu, na kumbukumbu ya mama anayeamshwa usiku inahitajika kwingine.

Yapo mambo machache kuhusu vitu vyenyewe vinavyofumwa, ambayo ningependa muuzaji awaeleze wateja wake. Glovu na soksi za mtoto mchanga zigeuzwe nje ndani na kukaguliwa kila kabla ya kuvaa: uzi uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole na kuzuia damu, na mtoto hawezi kusema kinachomuuma. Kofia isiwekwe kamba za kufungia shingoni. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 kinakataza kamba sehemu za kichwa na shingo kwenye nguo za watoto walio chini ya miaka saba, na sababu yake inaeleweka na kila aliyeona mtoto akinasa kwenye kitasa. Na kofia hizi ni za mchana. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri mtoto mchanga asilale ndani ya nyumba akiwa na kofia, na asiwekewe blanketi lililolegea katika mwaka wake wa kwanza. Najua ushauri huo ni mgumu kwa usiku wa Njombe, nami nilimvisha wangu nguo za kulalia za tabaka mbili zenye miguu badala yake. Blanketi nililolifuma lilitumika akiwa macho, au mgongoni.

Nikirudi kwenye sindano, ninazipa alama nne kati ya tano kwa mzazi wa mtoto mdogo, na alama iliyopungua ni ya kiungio. Mtu ambaye watoto wake wameshaanza shule na ana mchana mtulivu hana sababu ya kulipa mara tatu. Sindano ndefu za alumini zitamhudumia vyema na kwa kasi zaidi. Mwenye maumivu ya viganja afikirie pia kwamba vijiti vifupi humlazimisha mtu kushika kwa vidole vya mbele, hivyo apumzike mara kwa mara. Anayenunua kwa mara ya kwanza aanze na milimita 4 na sentimita 80, asichukue ya sentimita 40 hata kama ni nafuu, kwa sababu hiyo inafaa kofia ya mtu mzima na kazi nyingine chache tu. Seti za vijiti vinavyofunguliwa kwa skrubu na kubadilishiwa waya zinauzwa pia na zinavutia, lakini skrubu hulegea kazi ikiwa mkononi na vipande vyake vidogo ni vya kumezwa. Kwa nyumba yangu, hadi huyu mdogo atimize miaka mitatu, ninabaki na sindano iliyounganishwa moja kwa moja. Nyingine ya akiba nimeshaiagiza, ya mwanzi, ya unene uleule, na safari hii nitauvuta uzi kwenye kiungio mbele ya muuzaji.